Mgeni wa Picha

Kituoni walimwita mume wangu Picha, kwa sababu akishakuona mara moja, umekwisha. Nilizoea kumtania kwamba hakunipenda, alishindwa tu kunisahau. Sasa amebakiza miezi mitatu astaafu upelelezi, na macho yamegoma.

Ofisini hawajui. Akipewa kitu asome, anapapasa mifuko, analalamika kwamba miwani kaisahau nyumbani, anamsukumia mwenzake. Vifungo vya shati lake navikagua mimi. Aliniapisha nisimwambie mtu, maana hataki kumaliza kazi akihurumiwa. Nikaapa, mpumbavu mimi.

Jumamosi asubuhi alikuwa sebuleni, mlango wazi upepo uingie, redio inaongea peke yake. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele. Nikasikia hodi, sauti ya upole kweli, na mume wangu akajibu, "Karibu, kijana, karibu ndani."

Nikatoka na sinia mkononi. Kijana gani? Mtu ana mvi kichwa kizima.

Alikuwa Bubu. Huyu ndiye aliyemuua mlinzi wa ghala kwa nondo, na mume wangu ndiye aliyemkamata. Walimpa jina hilo kwa kuwa tangu siku ya pingu hadi siku ya hukumu hakufungua mdomo. Nilikuwepo mahakamani. Aliposomewa kifungo alimgeukia mume wangu, akapitisha kidole shingoni, taratibu. Hakuna aliyetuambia kwamba ametoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Napita tu, mzee. Nimesikia unastaafu, nikasema nije nikusalimie."

"Ala! Habari zimefika hadi huko? Mama watoto, mletee mgeni maji."

Sikusogea. Nikipiga kelele, atafanya nini? Nikinyamaza je? Bubu alinitazama, kisha akamtazama mume wangu, ambaye alikuwa anauchekea ukuta. Akanyoosha mkono amsalimie. Mkono ukabaki hewani. Mume wangu akaendelea kusifia mvua ya juzi. Bubu akausogeza mkono ule hadi karibu na pua ya mume wangu, akaupunga kushoto, akaupunga kulia. Mume wangu hakupepesa.

Nilitaka kulia. Tumewaficha wapelelezi wa kituo kizima, halafu wa kuja kugundua awe huyu!

"Basi, mzee, nisikuchoshe," Bubu alisema. "Nitarudi siku nyingine tuongee vizuri."

Mlangoni akanigeukia, akatabasamu, akaweka kidole midomoni.

Nilifunga mlango, komeo la juu na la chini. Sinia likaniponyoka, mchele wote ukamwagika sakafuni.

"Kijana ana adabu zake," mume wangu alisema. "Ila mbona hakunipa mkono?"

Nikamwambia yote: ni nani, na mkono wake ulikuwa wapi. Akaipapasa redio, akaizima, akageuza uso upande wa dirisha akidhani ndiko mlango uliko. Uso ulikuwa umemsawajika, na mimi niliogopa zaidi kumwona hivyo kuliko nilivyomwogopa Bubu.

Nikachukua simu nimpigie mkubwa wake, kiapo au si kiapo. Hakunizuia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama watoto, una hakika humu ndani tuko wawili tu?"