Kiwanja Alichokataza Ko Seong-baek

Yang Geum-sil alipika chakula cha shule miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakumwogopa mtu. Walimu wakuu ndio waliomwogopa yeye. Basi mumewe, Ko Seong-baek, alipofariki, naye akatangaza kwamba atasafisha kile kiwanja cha juu amjengee binti yao nyumba, sisi majirani tulinyamaza. Tulijua tu kwamba marehemu hakutaka kiguswe.

Kiwanja chenyewe kiko upande wa mlimani, pale kilipokuwa kijiji cha zamani kabla askari hawajakichoma. Kisiwa kizima cha Jeju kina sehemu kama hizo: nyumba zimekwisha, mianzi iliyokuwa uani ndiyo imebaki na kumeza kila kitu. Ndani yake mlikuwa na giza hata saa sita mchana. Mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi na mbili, Seong-baek alipanda kule, akasimama barabarani kidogo, akarudi nyumbani. Geum-sil alipomwuliza kwa nini wasipande hata michungwa, jibu lilikuwa moja.

"Mama akirudi kutoka Osaka, mianzi ndiyo itakayomwonyesha nyumba."

Mama yake na dada zake wawili walikimbilia Japani mwaka ule wa moto, yeye akiwa na miaka mitano. Ndivyo alivyosimuliwa na shangazi yake, Man-jeong, aliyemlea.

Mkandarasi wa kwanza aliyeitwa na Geum-sil alikuwa Bu Chang-sik, mtu wa kijiji cha jirani. Aliingia kwenye mianzi na panga mkononi. Baada ya dakika kumi akatoka, panga safi, hata jani moja hakukata.

"Dada, katapila langu ni bovu."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Kesho yake Geum-sil alimkuta akichimba mtaro kwa katapila lile lile. Chang-sik aligeuza uso upande wa pili kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni.

Ndipo akampata Moon Deok-jun, mtu wa bara, mnene, mwenye maneno mengi. Huyu hakuwa na babu kisiwani wala habari za kisiwa. Kabla ya kuwasha mashine alimwaga pombe ya soju kwenye pembe nne za kiwanja, akaweka samaki mkavu juu ya jiwe.

"Unaogopa nini?" Geum-sil akamwuliza.

"Mimi, dada, namwogopa mke wangu peke yake. Hii ni adabu tu. Huingii nyumbani kwa mtu bila hodi."

Walikuwa wameanza tu kukata, Shangazi Man-jeong akatokea. Alikuwa na miaka themanini na sita, na alipanda mlima ule akisukuma kigari chake cha kutembelea, mwendo ambao mtu mzima mwenye afya angeulalamikia. Akakaa juu ya ukuta wa mawe.

"Mnaanzia wapi?"

"Huku barabarani, bibi," akajibu Deok-jun.

"Na mtaishia wapi?"

"Mwisho wa kiwanja, bibi. Ndiyo maana unaitwa mwisho."

Bibi hakucheka. Alikaa pale mpaka walipozima mashine, na asubuhi iliyofuata walimkuta ameshafika.

Siku ya pili udongo ulianza kutoka mweusi. Kijiko cha katapila kiliinua shina la mianzi, na ndani ya mizizi kulikuwa na bakuli la shaba lililojikunja kama karatasi. Kisha vipande vya mtungi. Kisha jiwe la kusagia, na chini yake shayiri, punje kwa punje, imekuwa mkaa. Deok-jun alipunguza utani. Saa ya chakula aliinusa mikono yake, akaenda kuinawa, akarudi, akainusa tena.

"Dada, harufu hii ya moshi inatoka wapi?"

"Ni udongo."

"Udongo haunuki hivi."

Siku ya tatu walifika katikati, na bibi akaanza kutoa amri. Upande ule kuna nyoka. Upande ule kuna mwamba, utavunja mashine. Rudini barabarani, pale hamjamaliza. Kila alipoelekeza kidole, kilikuwa kinawaondoa kwenye sehemu moja, nyuma kabisa, ambako mianzi ilikuwa minene kuliko kwingine kote. Geum-sil aliliona hilo.

"Shangazi, pale nyuma kuna nini?"

"Mianzi."

"Huku kote ni mianzi. Pale kuna nini?"

"Nyumba ya vyumba vitatu inataka nafasi gani? Jenga huku mbele. Umekuwa na tamaa tangu lini, wewe?"

Neno hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Kuitwa mwenye tamaa mbele ya mkandarasi! Geum-sil akamgeukia Deok-jun. "Nenda nyuma. Leo hii."

Deok-jun aliwatazama wanawake wale wawili, akapanda mashine. Mianzi ya mbele ililala bila shida. Ya nyuma iligoma, ikawa inapinda na kurudi. Akateremsha kijiko chini ili aikate mizizi, na kijiko kikazama. Hakikuchimba, kilizama tu, kama mguu unaokosa ngazi gizani.

"Zima!" bibi alipiga kelele. "Zima! Mtawaumiza!"

Mashine ikanyamaza. Geum-sil alisimulia baadaye kwamba alilirudia neno lile moyoni. *Mtawaumiza.* Nani?

Lilikuwa shimo la kuhifadhia viazi vitamu, lililojengwa kwa mawe, kama yale ambayo kila nyumba ilikuwa nayo. Deok-jun alipiga magoti ukingoni, akamulika tochi. Akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alivua kofia.

Man-jeong alizungumza akiwa amekaa pale pale ukutani, macho chini. Askari walipoonekana barabarani, baba wa Seong-baek alikuwa ameshapotea milimani. Mama aliwaingiza watoto watatu shimoni na kulifunika kwa majani makavu. Lakini Seong-baek alikuwa na kikohozi. Kikohozi hicho kingewafichua wote. Mama akamsukuma nje, akamwambia wifi yake, Man-jeong, mkimbize huyu pangoni. Mtoto alilia na kung'ang'ania vazi la mama yake, na mama akamfungua vidole kimoja kimoja. Kisha nyumba ikawashwa, na majani juu ya shimo nayo yakashika moto.

"Ukaenda kumwambia kwamba wako Osaka," Geum-sil alisema.

"Ningemwambia nini? Siku zile ukitajwa kuwa mtoto wa waliouawa kwa kuitwa waasi, shule hupati, kazi hupati, unaandamwa mpaka kaburini."

"Siku zile zimekwisha zamani! Shangazi, mume wangu amekufa akingoja barua."

"Ndiyo. Amekufa akingoja." Bibi aliinua uso. "Kungoja ndiko kulikomfanya ale. Alipokuwa mdogo alikataa chakula siku tisa. Nilipomwambia Japani, akafungua kinywa."

Geum-sil hakumsemesha mwaka mzima.

Watu wa chuo kikuu walikuja na brashi na mifuko. Walitoa mwanamke mmoja na wasichana wawili. Mdogo alikuwa ameingizwa chini ya kwapa la mama. Tuliwazika kando ya Seong-baek, tukawazungushia ukuta wa mawe, na binti yake alikuja kutoka Seoul kuinama mbele ya bibi yake mzaa baba, ambaye alikufa akiwa mdogo kuliko umri wake yeye sasa. Nyumba haikujengwa. Aliporudi kukaa kisiwani, binti alipanga chumba mjini.

Wiki ile ile mifupa ilipotolewa, watu watatu wa kijiji chetu waliokuwa wamemkodi Deok-jun kusafisha viwanja vyao vya juu walighairi. Mmoja alisema ameahirisha, mwingine kwamba mwanawe hataki tena kujenga. Mimi nilikuwa wa tatu. Nilimwambia mvua iko karibu.

Deok-jun alitazama mbingu, iliyokuwa haina wingu hata moja, kisha akatazama mlimani, kule ambako mianzi inaonekana madoa madoa mpaka msituni.

"Kaka," akaniuliza taratibu, "viwanja vyote vile?"

Nikamwambia arudi kwao mapema, meli isije ikamwacha.