Makopo Mawili ya Maharage

Juzi nilikuwa nakunywa chai Kasulu, wenzangu wa rika langu wakaanza kusifu shule za zamani: fimbo, kimya, kukariri. Nilinyamaza kama kawaida yangu, lakini chai ile ilinishinda kuimaliza.

Ndugu yangu, miaka ya sabini, nikiwa darasa la nne, tulikuwa na mwalimu aliyekaa dawati la nyuma na kutuachia chaki. Alituuliza tunataka kujua nini. Sisi, tuliofundishwa kupiga makofi na kuinama tukiwaamkia wakubwa, tukatazamana tu. Mimi, mwoga kuliko wote, ndiye niliyesema mwishowe kwamba bibi huchanganya maharage na majivu yasibunguliwe na wadudu, ila sijui kama kweli yanasaidia.

“Tutajuaje?” akauliza mwalimu.

Tulibishana kwa Kiswahili na Kiha hadi kengele ikalia. Kesho yake tukajaza makopo mawili, moja lina majivu, moja halina, tukayaweka dirishani. Nikachaguliwa kuyafungua mwisho wa muhula mbele ya wote. Mimi! Nikawa naondoka nyumbani na ukungu, kiazi kitamu cha moto mkononi, niwahi kutega sikio kwenye makopo, nisikie kama kuna mdudu anayetafuna.

Siku moja mwalimu mkuu akaingia. Msichana mmoja alikuwa ubaoni, mwalimu wetu kakaa nyuma, na kwa mabishano yale hakuna aliyesimama kumwamkia.

“Nani mwalimu hapa?”

“Leo ni mimi, mwalimu,” msichana akajibu kwa heshima zote.

Alichapwa yeye kwanza, kisha sisi. Mwalimu mkuu akasema darasa limekuwa gulio. Akabeba makopo yote mawili, akayamwaga kwenye sufuria ya shule. “Maharage ni ya kula,” akasema. Mchana tukayala, na majivu yake kwenye meno. Kabla ya muhula kwisha mwalimu wetu alihamishiwa Kibondo.

Aliyekuja badala yake aliambiwa habari ile, akaimaliza kwa dakika moja. “Majivu huzuia wadudu. Semeni.” Tukasema. Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Msichana yule hakunyoosha mkono tena, wala mimi.

Jibu lile lilikuwa sahihi. Nalichukia mpaka leo.