Miito ya Mzee Hirsi

Mzee Hirsi alikuwa mbishi hakuna mfano, na Musembi alimpenda hivyo hivyo. Kabla ya vita alikuwa mhandisi Mogadishu. Mwaka huo wa 1997 alikuwa mkimbizi Dadaab, akifanya kazi ya posho katika shirika moja la misaada. Musembi, kijana wa Kitui, ndiye fundi aliyeajiriwa.

Walikuwa na kompyuta moja kuukuu iliyopeleka kwa redio salamu za watu waliopotezana na jamaa zao. Kiini chake waliandika wenyewe, ile programu ya ndani kabisa ambayo programu nyingine zote huiita zikitaka kusoma, kuandika au kutuma chochote.

Taabu ilikuwa hiyo miito, yaani maagizo ya kukiita kiini. Hirsi alitaka kila mwito utaje kwanza ukubwa wa ujumbe, kisha unakokwenda. Musembi alianza na unakokwenda. Kila mtu na lake! Basi mara kwa mara mashine ilichukua ukubwa ikadhani ni anwani, ikazimika, na salamu za watu zikapotea. Mkuu wao akachoka. Ikizimika tena, alisema, ataing'oa.

"Tuandike yote kwa mtindo mmoja, mzee," Musembi akasihi. "Huu wangu."

Hirsi, ambaye kwa lafudhi yake ya Kisomali kila p ilitoka kama b, akakataa. "Wallahi habana. Mtu akikuja kwa bomba ya maji, nauliza kwanza iko na mtungi ngabi. Nyumba yake iko wabi, hiyo ni baadaye."

Walibishana wiki nzima, hadi Musembi akamwita kichwa kigumu mbele ya watu. Mzee akainuka akaenda zake. Musembi alijuta palepale, lakini hakumfuata.

Jumatatu alipofungua kazi yao, alikuta kila mwito umeandikwa upya kwa umbo moja: unakokwenda kwanza. Hata ule wa kutuma, ambao Hirsi aliulea kama mwanawe wa mwisho.

"Kumbe nimeshinda!" akamtania.

Hirsi alikuwa akimimina chai ya maziwa ya ngamia. "Jina yetu imetoka kwa orodha ya kuhama, walal, ndugu yangu. Amerika. Ijumaa mimi na mama ya watoto tunaenda. Mashine inabaki na wewe, na ikiharibika mimi sibo. Lazima iongee kama wewe."

Musembi alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia.

"Rudisha miito yako, mzee," alisema. "Yote. Irudishe, na usiende."

Hirsi akamsogezea kikombe. "Kunywa chai, walal. Itaboa."