Kulia kwa Kobe

Siku mjomba aliponiambia nimdanganye mwalimu kwamba Zaina amekataa mwenyewe, nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa darasa la sita, na ulimi nilikuwa nao. Nilisema, "Ndiyo, mjomba," nikaenda kunawa miguu.

Chumba cha kompyuta nakikumbuka kwa harufu: plastiki iliyopata moto, vumbi la chaki na koti la mvua la mwalimu lililoning'inia mlangoni. Ilikuwa miaka ile biashara ilipoanza kuachiwa huru. Maduka ya Morogoro yalijaa sabuni tena, na kompyuta, ambazo awali zilikuwa marufuku kuingia nchini, zikaanza kuonekana. Mwalimu huyu hakuwa wa shule yetu. Alikuwa mtafiti, mama mpole aliyetaka kujua watoto hujifunzaje wakiachiwa mashine bila kufundishwa. Alituketisha wawili wawili, akakaa nyuma yetu akiandika. Siku ya kwanza alisema, "Hapa halazimishwi mtu. Asiyetaka ataacha, nami sitamuuliza sababu."

Mwenzangu alikuwa Zaina, binti wa mama yangu mdogo, tuliyelelewa naye kwa mjomba, chini ya milima ya Uluguru. Kwenye kioo cheusi kulikuwa na alama ndogo ya kijani tuliyoiita kobe. Ukiandika MBELE, kobe anatembea na kuacha mstari; ukiandika KULIA, anageuka. Nilitaka kuchora nyumba. Ukuta wa kwanza ulisimama vizuri, na paa pia. Kobe alipoanza kushuka, nikaandika KULIA ili aje mkono wangu wa kulia, naye akaenda kushoto. Nikarudia, akazidi kupotea.

"Kobe wako katoka kilabuni," alisema mvulana wa mashine ya jirani, na chumba kizima kikacheka.

"Kulia kwake, wewe, siyo kulia kwako," alisema Zaina. "Si anatazama chini? Hebu simama."

Akanisimamisha, tukatazamana. "Mkono wako wa kulia uko wapi? Na wangu je?" Kisha akaitembea nyumba yote sakafuni, akijiamrisha kwa sauti, nami nikaandika alichosema. Nyumba ikafungika. Haukupita muda mrefu kila mtoto alikuwa akitembea chumbani kama kobe, tukigongana mabega, na mwalimu akaandika mpaka chai yake ikapoa. Nina hakika hata leo: tulijifunza kwa miguu, na miguu ya kwanza ilikuwa ya Zaina.

Mjomba alikuwa ameanza kuteremsha kabichi kutoka mlimani kwenda kuuza Msamvu, mjini, akahitaji mtu wa kubeba mchana, saa zilezile za kompyuta. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye watoto wa dada zake. Baba zetu wenyewe walimwachia yeye aamue.

"Wewe ni mwanamume, hicho kitu kitakufaa," aliniambia. "Mwenzako atanisaidia kabichi."

"Mwalimu akiuliza?"

"Mwambie amekataa mwenyewe. Si alisema halazimishwi mtu?"

Nikamwambia hivyohivyo. Mwalimu aliinamisha kichwa na kutimiza ahadi yake, hakuuliza sababu. Ningemwambia kwamba Zaina amezuiwa, mwalimu angekwenda kwa mjomba jioni ileile, maana kwa wazazi wa mtoto mwingine aliyezuiwa alikwenda, na mtoto yule akarudi.

Muda si mrefu baadaye, nikiwa nimembebea mwalimu mkoba, tulikutana na Zaina njiani, tenga kichwani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nilisikitika kusikia hukupenda kuendelea."

Zaina alinitazama. "Ndiyo, mwalimu," alisema, kwa kuwa hakutaka kuniumbua, akapita.

Jioni aliniuliza jambo moja tu: "Nilikataa lini?" Nikaenda kunawa miguu.

Siku hizi wajukuu wangu hugombea simu moja, wakifundishana kwa kelele, na hakuna mtu mzima anayeamua nani kati yao ana haki ya kuishika. Nikiwatazama najua utafiti ule ulikuwa na maana, na najua pia nani alistahili kiti kile. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne. Kabichi zilimlia Zaina mchana wake, halafu asubuhi pia, shule yake ikaishia hapo. Aliolewa Kingolwira bila kuniambia, na watoto wake sijui hata majina yao. Kwa uongo ule nilimpoteza dada pekee niliyekuwa naye.