Hodi ya Tatu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilitolewa nje ya nyumba ya mama yangu mzazi, mtaa wa Tanambao, mjini Mahajanga, na aliyenitoa ni Mama Mkubwa, dada yake mama, mkali kama pilipili. Usicheke. Nilistahili.

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo inaanza, nami ni msichana niliyekuja likizo kutoka Ufaransa, nilikokuwa nasomea seli za ubongo. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi miezi miwili nyuma. Mkono mmoja umelala, na tangu siku hiyo hajatamka neno. Basi mimi msomi nikakata shauri: nimpeleke kisiwani Nosy Be kwa kaka yangu, nyumba tuifunge. Nilimwuliza mara moja tu, huku nakunja nguo zake: "Mama, twende Nosy Be?" Akanitazama. Nikahesabu moja, mbili, nikaendelea kukunja. Nikajiambia, maskini, hasikii tena.

Mama Mkubwa aliona yote kutoka jikoni. Akaja akaninyang'anya nguo.

"Toka nje. Ubishe hodi kama mtu aliyelelewa."

"Mama Mkubwa, hapa ni kwetu!"

"Hapa ni kwake. Hodi ni tatu, na kati ya hodi na hodi mtu hupewa muda wa kujistiri. Wewe unabisha na mguu uko ndani."

Nikatoka, mdomo nimeuvuta hivi. Kwetu, awe Mwislamu asiwe, mgeni husema "haody", na mwenyeji huitikia "mandrosoa", yaani karibu. Nikasema haody. Cherehani ya jirani ikashona upindo mzima. Nikasema ya pili. Ikashona mwingine. Ya tatu sikuisema vizuri. Nilikuwa nataka kugeuka niende zangu nikalie mbali, ndipo nikasikia sauti ya kukwaruza ndani.

"Mandro... soa."

Ee Mola wangu! Niliingia nikamwangukia magotini. Nikamwuliza tena, kwa adabu safari hii, kama anataka kwenda Nosy Be. Chai ya maziwa iliyokuwa mbele yake ikaota utando, nami nangoja. Hatimaye akainua mkono ule mzima, akaonyesha sakafu. "Hapa," akasema. Nikafungua mizigo, nikarudisha nguo zake kabatini moja moja.

Nikarudi maabara kule Ufaransa na aibu yangu. Kazi yangu ilikuwa hii: seli za ubongo tumezikuza kwenye kisahani, tumezitia rangi inayong'aa kila kalsiamu inapopanda ndani ya seli. Nadondosha tone la glutamati, kemikali ambayo neva, yaani seli zinazopitisha habari za ubongo, hutumia kupelekeana habari hizo, na kamera inatazama. Neva zilijibu papo hapo. Pembeni yake zilikaa seli zenye umbo la nyota, astrositi, ambazo wakubwa wa fani kwa miaka mingi walizihesabu kuwa gundi na walishi wa neva, basi. Kabla ya likizo, neva zikishajibu, mimi nilikuwa nikizima kamera. Daftarini niliandika: nyota, hakuna jibu.

Safari hii nilidondosha tone, nikaikalia mikono yangu nisiguse swichi. Neva zikawaka. Sekunde zikapita, nikaona nyota moja inaanza kung'aa, polepole, kisha jirani yake, kisha jirani wa jirani, mpaka mwanga ukavuka kisahani. Kumbe tone zililisikia tangu mwanzo! Glutamati ilizigusa, nazo zikafungua akiba yao ya kalsiamu ya ndani, zikaambizana. Sikugundua jambo jipya, wengine walikwisha kuliona kabla yangu; mimi niligundua ujinga wangu tu. Nyota hizo zinazijibu neva nini hasa, wataalamu mpaka leo wanabishana. Kwamba zinasikia, hilo halina ubishi. Wala sisemi kiharusi cha mama kilikuwa cha nyota. Nasema mimi nilikuwa na kosa moja, nikalifanya nyumba mbili.

Mama aliishi miaka minne zaidi pale pale Tanambao. Kila nikija nilibisha hodi zote tatu, hata mlango ukiwa wazi, naye akiitikia huku anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Namkumbuka sana, mwanangu. Sana.

Sasa wewe juzi uliniambia bibi yako mzaa baba ukimwuliza kitu hajibu, na kwamba mnataka kumhamisha. Ulimngoja? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Usimhukumu mtu kwa sekunde mbili za kwanza. Uliza, kisha kaa, chai ipoe. Jibu linalochelewa nalo ni jibu, na aghalabu ndilo lenye uzito.

Haya, nenda kwake. Mwenyezi Mungu akupe subira ya kungoja, na wewe siku ulimi utakapokuwa mzito, akupe mtu wa kusimama mlangoni kwako mpaka hodi ya tatu.