Kompyuta ya Mbao ya Keko

Mwezi uliopita nilikwenda Keko kununua kitanda, nikakatiza uchochoro ulio nyuma ya karakana za maseremala ili nilione banda letu la zamani. Ningejua nisingepita. Njia nzima inanuka mkojo, na kwenye kona kuna makohozi ya kuruka kwa hatua kubwa. Nilibana pua nikasimama, ndugu yangu, maana hapo ndipo nilipojifunza kuunda kompyuta.

Tulikuwa watoto wachache wa mtaa, wengi wasichana. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kihindi ambaye baba yake aliuza vifaa vya umeme Kariakoo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Dar kama chetu. Banda lilikuwa la mfadhili, mfanyabiashara mkubwa wa Temeke, ambaye pia alituletea lundo la mashine kuukuu zilizotupwa maofisini.

Jumamosi ya kwanza mwalimu alifungua kasha la mashine moja, mende wakamwagika mezani kama kunde. Ndani panya alikuwa amezalia. Vitoto vyake vilikuwa vimekaukia juu ya madabodi, ule ubao mpana unaobeba vifaa vyote, vimegandamana na manyoya na mkojo. Rafiki yangu, binti wa jirani, alitoka mbio. Mie nilitapika palepale chai na mihogo ya bibi.

"Ukimaliza kutapika chukua brashi," mwalimu akaniambia kwa upole. "Huwezi kuijua mashine usiyotaka kuishika."

Tukashika. Tulisugua kwa spiriti na vitambaa, kucha zikanuka wiki nzima. Bibi akawa ananitengea chakula peke yangu. "Mkono wa panya hauingii sinia langu," alikuwa anasema. Lakini katika uchafu ule nilijua memori ni ipi na prosesa ni ipi, na kwa nini feni ikifa prosesa inaungua.

Kidogo kidogo, kwa kuchomoa kifaa kizima hapa na kingine pale, tukapata kompyuta moja inayofanya kazi. Makasha yote yalikuwa yameliwa na kutu, basi seremala jirani akatuundia la mbao, lenye matundu ya kupitisha hewa. Ilipowaka na kupata moto, banda zima lilinukia vanishi. Hiyo ndiyo harufu nzuri pekee ninayoikumbuka humo.

Mfadhili akaja na wapiga picha. Alipoiona akaishika kama ameiunda yeye. "Hii naiazima kwa maonyesho," akasema. "Jumamosi mnayo."

Jumamosi zikapita. Mwishowe mwalimu akatuchukua sie wawili, mie na binti wa jirani, hadi nyumbani kwa mfadhili. Tulimkuta sebuleni anakula chipsi kuku, wanawe wakicheza gemu kwenye kompyuta yetu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia mdomo umejaa.

"Tumeifuata kompyuta ya watoto," mwalimu akasema.

"Watoto gani? Takataka zile si mie niliyezileta?" Akaramba vidole kimoja kimoja, kisha kwa vidole vilevile vya mafuta na mate akabonyeza kibodi, atuonyeshe inavyokwenda kasi. "Kazi nzuri lakini. Hebu wapeni soda hawa."

Soda ikaletwa, ya baridi, na kiu nilikuwa nayo. Nikautazama ule mng'ao wa mafuta kwenye herufi tulizozisugua moja moja. Nikairudisha chupa mezani. Binti wa jirani naye akairudisha yake.

"Hawa hawana adabu," mfadhili akasema.

"Wanayo," mwalimu akajibu, akatutoa nje.

Jumamosi iliyofuata tulikuta banda limefungwa kufuli jipya. Tukasomea barazani kwa seremala, tukichora saketi kwa chaki kwenye mbao za vitanda vya watu, hadi familia ya mwalimu ilipohama nchi. Hakuna aliyeshika nafasi yake.

Siku hizi banda limejaa mashine za kamari. Niliwakuta watoto wa shule, sare mwilini, wakitumbukiza sarafu. Nikamuuliza mmoja kama anajua ndani ya ile mashine kuna nini. Akaniangalia kama nimetukana.

"Hairuhusiwi kufunguliwa, mama," akasema, akanigeuzia mgongo.