Mwali Hatoki kwa Upande Mmoja

Nakumbuka mwaka nilioachika, Salima wangu alikuwa ndani, anachezwa unyago. Baba yake alikuwa kuli bandarini, amepanga Magomeni, huko mjini. Mimi nimerudi kwa kaka yangu kijijini, huku nyuma ya Naliendele, kwenye mikorosho yetu. Mwanangu, ukitaka kuijua talaka, usitazame siku inayotolewa. Tazama siku mtoto anapogombewa.

Kaka yangu Bakari aliapa. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, na mjomba akiapa watu hunyamaza. "Siku ya kumtoa mwali, huyo kuli asikanyage uwanja wangu!" Maneno yakafika Magomeni yakiwa ya moto. Jibu likarudi: kama hatakiwi kumtuza mwanawe, basi atakuja kumchukua moja kwa moja, na kijijini hatamrudisha. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zenyewe zimo ndani, hazijui kitu.

Nikaenda kwa Bi Fatu, somo yake aliyekuwa akimfunda, nalia. Akanitazama kama anayetazama sufuria lililoungua.

"Futa makamasi. Mwali wangu simtoi kwa upande mmoja. Waite hao wanaume, na useme wewe uliyezaa."

Wakaitwa. Kaka mkeka huu, mtalaka wangu mkeka ule, Bi Fatu katikati anamenya muhogo.

"Msimu wa korosho abaki huku," kaka akaanza. "Mikono haitoshi."

"Na shule je?" baba yake akauliza.

"Shule haikimbii."

"Mwanangu si kibarua wako, shemeji! Namchukua mwaka mzima."

Bi Fatu hata kichwa hakuinua. "Mnagawana mtoto, au mnagawana gunia la korosho?"

Hapo nikasema. Darasani sikukaa sana, lakini siku ile nilisema kama hakimu. Salima atakaa kwangu, asome shule ya hapa, msimu uwepo usiwepo. Shule ikifungwa, aende Magomeni kwa baba yake, na aende na nguo safi, asiende na maneno ya kuchimba. Akiugua, aliye naye ampeleke hospitali, na mwenzake aambiwe siku hiyo hiyo, asisikie kwa majirani. Matusi ya mzazi yasiingie sikioni mwa mtoto. "Na siku ya kumtoa, kaka, baba yake anasimama mbele."

Kaka akaguna. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Uchungu wa kuzaa."

Bi Fatu alicheka mpaka muhogo ukamponyoka. Mtalaka wangu akasema, "Mimi nimekubali." Kaka akabaki peke yake na kiapo chake, akakimeza.

Ah, mwanangu, siku ya kutoka! Watu wa Magomeni walikuja juu ya lori, wanaimba tangu barabarani, wamejifunga khanga sare. Kaka mwenyewe akawapokea, akamshika shemeji yake mkono, akampeleka mbele. Salima akatolewa, anang'aa mafuta. Mwali hainui kichwa, huo ndio utaratibu. Lakini aliposikia sauti ya baba yake pamoja na yangu, alikiinua, akacheka meno yote nje! Bi Fatu akajifanya hajaona. Vigelegele vilipigwa, nami nikapiga changu mpaka sauti ikakauka. Ndoa haikurudi, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kwa ajili ya mtoto tulivishinda vyote, ugomvi na kiapo.

Sasa nyinyi mnaoachana kwa simu, nisikilizeni. Kaeni kitako mapema, mbele ya watu wenye akili. Semeni mtoto atalala wapi, atasoma wapi, sikukuu ale kwa nani, nani aamue akiugua. Mnaojua kuandika, andikeni. Akikua, kaeni tena mpange upya, maana nguo ya mtoto haimkai mtu mzima. Wajomba na mashangazi wasikilizwe, lakini wasiwashikie usukani. Mume huachwa, mke huachwa. Baba na mama hawaachwi.

Mungu awape ndimi nyepesi kwa heri na nzito kwa matusi. Watoto wenu wawe na nyumba mbili zenye milango wazi, na kote waitwe kwa upendo. Amin.